Bibi wa Kwenye Ukungu

Jumanne

Sijamwambia mama ukweli. Tulihama Nangwa tukapanga hapa karibu na stendi ya Katesh ili niende shule kwa miguu, bila bodaboda. Sasa napata muda wa kusoma.

Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito. Nikasikia mtu akitembea nyuma yangu. Nikageuka, "Shikamoo." Sauti ya kizee ikaitika, "Marahaba, mjukuu wangu." Sikuona mtu.

Jioni mama akauliza, "We Neema, muuza maandazi anasema leo ulipita na bibi mmoja. Nani huyo?"

"Jirani tu."

"Anasema alikuwa amekushika mkono."

Mama akiogopa, tutarudi Nangwa.

Kesho nitatembea tena. Mkono nitauweka mfukoni.