Viza ya Thai na Nyumba ya Mkwe

Jumatatu, 7 Machi 2011

Mwanangu Jotham ameanguka na pikipiki. Huko huko Thailand. Mfupa wa paja umevunjika mahali pawili. Shule anayofundisha ndiyo iliyompigia dada yake Priscilla simu, naye akaja mbio hapa ninapolala kwa Zipporah, kitoto kifuani, na kile kidonda chake cha upasuaji wa uzazi hata hakijakauka vizuri. Nilikuwa napika chapati. Zimeungua zote.

Nimeongea na Jotham. Mama usije, niko sawa. Sauti ile ile ya utotoni alipougua surua. Alhamisi ya wiki ijayo wanampasua wamtie chuma. Hana hata mtu wa kumshikia kikombe!

Nitakwenda. Sijui vipi, lakini nitakwenda.

Jumanne, 8 Machi

Priscilla amejaza fomu. Mimi na darasa langu la nne nimetia sahihi tu pale aliponionyesha kwa kidole. Anasema shida ni kwamba mimi hapa kwa Waingereza ni mgeni, nina viza ya kutembelea, na mgeni huambiwa akaombe viza ya Thai kwao. Sasa nirudi Nairobi lini, niombe lini, na mtoto anapasuliwa wiki ijayo? Ila amesoma kwamba wanaweza kumfikiria mgeni akiwa na mwenyeji wa kumdhamini, na karatasi za nyumba anayoishi.

Ameandika naishi kwao. Kwa Douglas, mumewe.

Nikasema, mwanangu, mimi kwenu silali. Akanijibu, Mama, ni address tu hiyo. Yeye ndiye aliyesoma.

Tangu nifike nalala kwa Zipporah wa kanisani, jengo hili hili, orofa mbili chini. Kwetu Bungoma mama hawezi kulala kwa mkwe wake. Hali naye chakula, hampi mkono. Mchana napanda kumwogesha mtoto na kumpikia Priscilla uji. Douglas anaendesha basi. Akimaliza zamu anapiga simu kwanza, nami natwaa leso yangu nateremka. Mjukuu ana wiki tano, na baba yake sijamtazama usoni. Ni heshima yangu hiyo, na yake pia.

Alhamisi, 10 Machi

Aibu. Leo nimeaibika mpaka masikio yamewaka moto.

Tumekwenda ubalozini. Dada wa dirishani mdogo tu, ana adabu, ametuinamia kidogo mikono pamoja. Akasoma karatasi. Akaniangalia mimi, si Priscilla. Akauliza pole pole kwa Kiingereza, Mama, unaishi na binti yako na mume wake kwenye nyumba hii?

Nilijua la kusema. Kwenye treni nimefundishwa. Yes! Neno moja!

Lakini nikajiona nasema mbele za watu kwamba nalala chini ya paa moja na mkwe wangu, na ulimi ukakataa. Nikasema, No. I don't sleep there. Priscilla akanikanyaga mguu. Dada akauliza kuna tatizo gani nyumbani. Nikasema hakuna tatizo, he is my in-law. Nyuma yetu mwanamume mmoja akacheka.

Dada hakucheka. Alisema hawezi kupokea karatasi inayosema hivi na mdomo unaosema vile. Nilete karatasi za pale ninapolala kweli, popote palipo, ataziangalia. Akaturudishia zote.

Njia nzima Priscilla hakunitazama. Tulipofika stesheni ya Seven Sisters ndipo akasema, Mama, Jotham amelala na mguu kwenye kamba, na wewe unamwonea haya Dougie?

 

Ijumaa, 11 Machi

Nimemwomba Zipporah karatasi zake. Amesonya, halafu akaniomba radhi kwa kusonya. Mama Prisca, nyumba hii ni ya kaunsili, serikali ya mtaa, naishi kwa jina langu peke yangu. Wakijua nina mtu humu watanifurusha, nikalale wapi, madhabahuni? Tukacheka kidogo. Kisha akalia, maskini. Nimemtia hofu mtu aliyenipa kitanda chake.

Jotham hakupokea simu. Nesi anasema amepewa dawa, amelala.

Jumamosi, 12 Machi

Priscilla kaja asubuhi na mapema. Mama, panda juu na mfuko wako. Dougie ameondoka.

Ameondoka kwenda wapi? Kwa Harrison, rafiki yake wa kazini, kule Edmonton. Atalala kwenye kochi. Ameacha ujumbe: mwambie Mama nyumba ni ya binti yake, alale, asiwe na wasiwasi, sasa aweze kusema ukweli huko ubalozini.

Nilikaa kwenye ngazi. Mtoto wa watu nimemtoa nyumbani kwake! Baba wa kitoto cha wiki tano! Na hakulalamika hata neno. Afadhali angenitukana.

Nimepanda. Leo mguu wangu unalala kwa mkwe.

Jumapili, 13 Machi

Fulana zake zilikuwa zimeanikwa kwenye redieta ya kupashia nyumba joto. Na chupi. Mungu wangu! Nilifumba macho nikatoka jikoni nikipapasa ukuta kama kipofu, Priscilla akacheka mpaka akashika kidonda. Mama utaniua! Amezitoa mwenyewe.

Nimelala chini kwenye zulia la sebuleni. Kitanda sikukitaka. Kitoto kimeamka mara nyingi, kikilia nilifikiri kinamtafuta baba yake. Kanisani sikwenda. Ningemwambia nini mtu akiniuliza Douglas yuko wapi?

Jotham amepokea. Anasema chakula cha kule kina pilipili hadi kwenye supu ya mgonjwa. Akauliza, Mama, viza vipi? Yeye aliyesema nisije! Nikajua anaogopa.

Jumatatu, 14 Machi

Priscilla ameongea na yule dada wa dirishani. Ataniona kesho asubuhi. Jibu linaweza kutoka kesho hiyo hiyo kwa sababu ya mgonjwa. Karatasi za Douglas zinatosha. Ila mwenyeji aje mwenyewe. Asimame nami dirishani, aulizwe kama ninaishi naye, nami niulizwe.

Tukatazamana. Naishi naye vipi? Yeye yuko Edmonton!

Priscilla akasema basi Dougie aseme tu yupo. Ametoka siku mbili tu, nani atajua. Ndiyo, nani atajua. Lakini mimi nilishindwa kusema uongo nikavuruga kila kitu, leo nimtume mwanamume wa watu akanisemee uongo mimi? Mbele ya msichana yule aliyeniamini? Hapana.

Nikasema, mpigie. Mwambie arudi nyumbani leo. Alale kwake.

Priscilla akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Na wewe Mama utalala wapi? Nikasema, hapa hapa. Sote. Nilisema mimi, kwa kinywa changu. Marehemu mama yangu angeziba masikio kwa mikono miwili asinisikie.

Saa kumi na moja. Nimejifunga leso mbili. Nimepika ugali na kuku, sijui sahani yake naiwekaje, naiweka wapi, naiita nini. Nimekaa jikoni naandika ili mikono iwe na kazi.

Kuna mtu mlangoni.

Ni yeye. Ufunguo anao, nausikia ukigongana na mwenzake mfukoni. Hafungui. Anabisha. Anabisha kwenye mlango wake mwenyewe, taratibu, kama mgeni.

Priscilla ananyonyesha, anasema, Mama, please, mfungulie.

Amebisha tena.