Mwalimu wa Kiti cha Nyuma

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kwanza unisamehe kwa hii kona ya karatasi iliyochanika, sio panya, ni binti yangu, ameichana sasa hivi nilipogeuka kutafuta kalamu, akaishika chini ya mdomo, akapuliza juu yake mpaka mashavu yakamvimba, na kile kikaratasi kilichokuwa kimelala kikanyanyuka chenyewe kikatulia sawasawa kama kimeitwa, halafu akanitazama kupitia kioo cha juu cha dereva akasema, "Umeona, mama? Hilo ndilo bawa." Ana miaka minne na miezi saba. Hajawahi kupanda ndege, mimi sijawahi, baba yake hajawahi, na ndege zinazopita kwetu zinapita juu sana hata mlio wake tunausikia zikiwa zimeshakwenda.

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari, kiti cha nyuma, ndiko kwenye kivuli, yeye yuko mbele ameshika usukani, gari imezimwa. Sikusoma sana kwa hiyo nitaandika kama ninavyoongea, wewe utapanga.

Mume wangu ni fundi magari, na ni mtu mzuri, nataka ulijue hilo kabla ya mengine, hanywi, hanipigi, ugonjwa wake ni mmoja tu, magari ya Kimarekani. Wengine wana mpira, yeye akiwa chini ya gari ya mteja miguu tu ndiyo inaonekana utamsikia anasema, "Hiyo inayopita ni Dodge, na dereva wake hajui gia." Ukuta mzima wa gereji ameuchora kwa mkono wake, Chevrolet, Buick, Pontiac, Cadillac, na mtoto alipokuwa mchanga alimbembeleza kwa kuyataja hayo majina polepole, Buick, Pontiac, Oldsmobile, mtoto analala, mimi nacheka peke yangu jikoni. Herufi ya kwanza binti yangu kuijua sio A, ni P ya Plymouth, ameisoma kwenye buti ya hii hii gari niliyokaa.

Hii Plymouth ililetwa miaka miwili iliyopita ikivutwa kwa kamba, ndefu utadhani nyumba ya kupanga, kwa nyuma imesimamisha mapezi mawili kama samaki, mume wangu anayaita mabawa. Aliyeiuza ni bibi mmoja mjane, mpole, mgongo umenyooka kama rula, akatuambia ilikuwa gari ya kwenda uwanja wa ndege kila alfajiri, nikaelewa kwamba marehemu mume wake alikuwa rubani. Hata picha tuliikuta ndani ya kisanduku cha dashibodi, mwanamume na mwanamke mbele ya ndege ndogo wanacheka, kofia ya urubani amevaa mwanamke, nadhani alimwazima mumewe apendeze kwenye picha. Siku ya kukabidhi ufunguo bibi alishika mlango akasema, "Mwanangu, kuna jambo moja kuhusu hii gari," mume wangu kwa ile furaha yake akamkata, "Bibi wee, pumzika sasa, mimi nimezaliwa chini ya Ford, niachie mimi," sote tukacheka, bibi hakucheka, akaachia mlango akaondoka.

Tangu hapo anapita Jumanne na Alhamisi, siku ambazo mimi nakwenda kushona mashuka ya hospitali na mtoto anabaki gereji kwa baba yake. Mume wangu anasema bibi anaomba tu akae kidogo kiti cha nyuma amuage mumewe, na yeye anamwacha, maana ana kazi na mjane hafukuzwi. Sisi tunamwonea huruma.

Sasa sikiliza mshauri. Kama miezi mitano iliyopita mtoto alianza. Nilikuwa nafua, akaja akasimama, akasema, "Mama, ndege ina vitu vinne vinagombana. Kimoja kinainua, kimoja kinavuta chini, kimoja kinasukuma mbele, kimoja kinarudisha nyuma." Nikasema haya, na nani anashinda? Akasema, "Ikienda sawa hakuna anayeshinda." Mshauri, niliacha nguo ndani ya maji. Siku nyingine baba yake anaosha yale mapezi, anayasifu, mtoto akamwambia, "Baba, hayo sio mabawa. Yamesimama. Bawa linalala, linausukuma upepo chini, upepo unalisukuma juu. Hayo ni mkia, mkia haunyanyui, unanyoosha." Mume wangu akacheka mpaka akakaa chini, akapiga simu kwa mafundi wenzake wote, "Njooni mumsikie bosi wangu." Mimi sikucheka. Nilimuuliza mwalimu wa sekondari anayekaa jirani, akaniuliza huyu mtoto ana umri gani, nikamwambia, akanitazama, akasema ni kweli yote.

Na sauti inabadilika. Akiwa kwenye usukani haongei kama mtoto wangu, anaongea taratibu, kama mtu mwenye subira nyingi, "Usivute pua juu kabla hujapata mwendo. Bawa likichoka halikwambii, linaanguka." Nikimuuliza nani kakwambia anasema mwalimu. Mwalimu yuko wapi? Nyuma. Nageuka, kiti kitupu, kimebonyea katikati.

Kuna na kioo. Gari hii inafunikwa turubai jioni, inafungwa, ufunguo unaning'inia kwenye msumari juu ya kitanda chetu. Asubuhi tukifunua, kile kioo cha juu cha dereva kimegeuzwa kinatazama kiti cha nyuma. Mtoto hakifikii, hata akisimama kwenye kiti. Mume wangu anasema skrubu imelegea. Ameikaza mara tatu.

Lakini kinachonifanya nikuandikie ni tairi. Kila siku kabla ya kuingia anaizunguka gari yote, mikono nyuma, sio kama anacheza, kama mkaguzi. Nyuma kulia anaweka kiganja, "Sawa." Nyuma kushoto, "Sawa." Mbele kulia, "Sawa." Akifika mbele kushoto anasimama muda mrefu, anaweka kiganja, anasema, "Bado." Kisha anapanda, lakini baba yake akija kujaribu kuwasha anashuka, halii, hagombi, anasimama pembeni tu kama mtu anayesubiri gari nyingine. Nilimuuliza kwa nini unazunguka, akanijibu, "Hewani hakuna pembeni pa kuegesha." Nilipomwambia mume wangu alitazame hilo tairi akalipiga teke mbele yangu, akasema, "Jipya kabisa hilo, mke wangu, hata vinywele vya mpira halijapoteza. Unataka mtoto wa miaka minne anifundishe kazi?"

Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu gari inatoka kwa mara ya kwanza. Mafundi wote wanakuja, wanakwenda kwenye ile barabara mpya iliyonyooka, anasema ataifungulia mpaka waisikie mtaa wa pili, na bosi wake atakaa mbele juu ya mto. Amemshoneshea mpaka kofia. Miaka miwili amekonda kwa ajili ya hii siku mshauri, sijawahi kumwona ana furaha hivi, na mimi nitakuwa mke gani wa kumwambia acha kwa sababu mtoto amesema bado? Majirani wananiambia gari ina mtu, marehemu rubani hajaondoka, mtoto apelekwe akaombewe na gari iuzwe. Mimi mwanangu simuogopi, wakati mwingine hata natumaini, nasema labda Mungu kampa kipaji, labda siku moja atarusha ndege kweli na mimi nitakaa dirishani. Halafu nasikia ile sauti.

Leo ni Jumapili, bibi hajaja, gereji imefungwa, tuko mimi na mtoto tu. Na hapa ninapoandika nimemuuliza tena kwa upole, mama, huyo mwalimu wako yuko wapi leo? Hajageuka. Amenitazama kwenye kile kioo, akasema, "Umemkalia."

Nimesogea mpaka mlangoni mshauri, naandikia magotini. Niambie, nimpeleke mtoto akaombewe, au nimwombe mume wangu aiuze, au ninyamaze Jumamosi ipite, maana huyo baba yake anaingia getini, amebeba betri, ananiita, "Mama watoto! Acha kuandika bwana, shika huku! Leo inawaka, nizunguke na bosi mara moja tu hapo nje," na mimi nataka kumwambia asubiri kwanza niku

JIBU

Mama wa kona iliyochanika,

Kama unalisoma hili umesimama, kaa. Mtoto mwite karibu, umshike mkono wakati unasoma.

Barua yako imekatika katikati ya neno na hukurudi kuimalizia. Hukuweka anwani. Lakini chini ya neno lile lililokatika kuna mstari mmoja ambao hukuuandika wewe. Ni mwandiko ulionyooka, wa mtu aliyesoma, na bahasha nayo ni mwandiko huo huo. Unasema: "Gurudumu la mbele kushoto. Nilijaribu kumwambia fundi siku ya kwanza."

Basi, mwanangu, barua yako uliisahau kwenye kiti cha nyuma, na aliyeikuta pale ndiye aliyeituma. Umeniandikia kurasa nzima za kumwogopa maiti, na humo humo umemtaja aliye hai mara tatu bila kumwona. Nani alikwambia rubani alikuwa mume? Bibi alisema gari lilikwenda uwanja wa ndege kila alfajiri. Hakusema nani alishuka kwenda kurusha. Kofia kwenye picha amevaa mwanamke, wewe ukaona ameazima! Mgongo kama rula, mkaona upole. Mama mtu mzima anakaa garini na mtoto wenu mara mbili kwa wiki, na nyinyi wawili mkaamini anaagana na kiti. Nakupenda, lakini kwa hilo nakukaripia: usiku unalala unamwogopa mzimu, mchana humjui anayekaa na mwanao.

Mumeo naye nina lake. Fundi, najua mkeo atakusomea. Uliambiwa kuna jambo moja ukasema umezaliwa chini ya Ford. Hata aliyezaliwa chini ya Ford alizaliwa na mwanamke, na mwanamke alipofungua mdomo ulimfunga. Ndipo akamwambia mtoto, maana mtoto ndiye pekee pale gerejini aliyekuwa na muda wa kusikiliza. Kwamba tairi ni jipya si hoja. Gurudumu halishikwi na vinywele vya tairi, linashikwa na kilicho nyuma yake, na teke halikioni.

Mtoto usimpeleke popote kuombewa. Hana pepo, ana mwalimu, na mwalimu wake anajua kazi. Hiyo sauti ya subira unayoiogopa ni ya mtu aliyekaa miaka mingi kando ya wanafunzi wa urubani waliokuwa wanakaribia kumwua. Na mtoto alipokwambia umemkalia, huenda alikwambia tu kwamba umekaa mahali pa mwalimu.

Huenda. Kuhusu kioo kinachogeuka chini ya turubai wakati ufunguo uko juu ya kitanda chako, sina jibu, na sitakudanganya kwamba ninalo. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi kuliko zote. Kirudishe mahali pake kila asubuhi, usimwulize mtoto habari zake, basi.

Sasa sikia. Gazeti hili linatoka Ijumaa, na Jumamosi yako ni kesho. Ule ufunguo utoe kwenye msumari uufunge kwenye pindo la nguo yako, na hata akicheka, hata akinuna, hata mafundi wote wakiwa wamesimama uani, usiufungue. Mfuate bibi kwake leo, na mumeo aende kwa miguu yake. Aanze kwa samahani. Kisha gurudumu lile lifunguliwe lote mpaka kwenye ekseli, bibi akiwa amesimama pale pale anaonyesha kwa kidole, na mumeo akiwa kimya. Furaha yake haitakufa kwa kusubiri wiki mbili. Gari limengoja miaka miwili.

Hilo neno lako lililokatika nimelitazama juma zima. Nikuhurumie? Nikugombeze? Ulitaka kuandika nini? Niandikie tena, hata mstari mmoja, ulimalizie, nijue mkono ulioliandika bado unashona mashuka.

Na mumeo akiuliza gari litatoka lini, usimjibu wewe, wala usiseme mshauri kasema. Mwacheni binti alizunguke, mikono nyuma, kama alivyofundishwa. Siku atakayoweka kiganja pale mbele kushoto na kusema "Sawa," pandeni wote. Bibi mwekeni mbele, mbanane naye hapo hapo. Kiti cha nyuma kiacheni wazi.