Sahani ya Firigisi Kule Daegu

Daegu, Korea Kusini
Septemba 22, 2024

Kwa baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti halikusumbui unapopanda kwenda shambani. Mimi sijambo, ila tumbo linanung'unika, na sababu yake nitakueleza. Nisalimie kaka Derrick na mkewe Peris. Mshukuru sana Peris kwa kukubali kupiga picha barua zako na kunitumia. Najua simu huisikii vizuri tangu ile miaka ya karakana ya reli, na mimi nimeupenda mwandiko wako tangu nikiwa darasa la kwanza.

Masomo ya uhandisi wa maji yameanza. Chumba ni kidogo lakini ni safi. Watu ni wapole, ila mazungumzo yetu huishia kwenye kuinamishiana vichwa.

Sasa baba, shida yangu ni kuku. Usicheke. Mji huu una vibanda vingi vya kuku wa kukaanga kuliko Voi ilivyo na maduka ya simu, na bado sijapata kuku. Wa kwao ni mchanga, hajatembea popote. Wanampaka sukari na pilipili mpaka anang'aa. Wengine wanamnyunyizia unga wa jibini. Hakuna ugali, hakuna kachumbari, unaletewa vipande vya figili nyeupe vilivyolowekwa kwenye siki. Nimeshajaribu mahali sita. Pa nne walinipa kuku asiye na hata mfupa mmoja, nikabaki najiuliza nishike wapi.

Yule kuku wa mama, aliyechemshwa kwanza kwa chumvi na tangawizi kisha akakaangwa mpaka ngozi ikalia, ndiye ninayemtafuta humu mjini. Miaka miwili tangu mama atutoke, na mimi nazunguka Daegu nikinusa mafuta ya watu. Ni ujinga, najua.

Binti yako,
Everlyne


Mbololo
Oktoba 6, 2024

Everlyne mwanangu,

Marahaba. Sisi tu wazima, goti nalo ni zima kwa sababu siku hizi namwachia Derrick mlima. Mvua ya vuli bado. Ndovu walipita kwa jirani wiki jana wakamaliza mahindi yote, sisi hatukuguswa. Tumemshukuru Mungu kwa sauti ya chini ili jirani asisikie.

Chuo kilikuchukua kwa ajili ya maji, lakini naona umejiandikisha kitivo cha kuku. Haya, nikushauri. Kuku hatafutwi kwa taa za bango. Tafuta mahali penye mwanamke mzee, karai jeusi, na wateja wanaokula bila kuongea. Ukikuta hayo matatu, kaa chini.

Si ujinga, mwanangu. Mimi pia huwa nasimama pale jikoni kwa mama yenu bila kujua nimefuata nini. Kula ushibe. Mtu mwenye njaa huona kila kitu ni kigumu, hata hesabu.

Baba yako,
Thadeus Maundu


Daegu
Novemba 3, 2024

Baba,

Salamu nyingi sana, na leo zimetoka kwenye tumbo lililoshiba. Goti linaendeleaje? Mvua imefika?

Nimepata kuku! Nilifuata shauri lako neno kwa neno. Kuna soko la zamani upande wa mashariki wa mji, na ndani yake kuna mama wa miaka sabini hivi, karai lake ni jeusi tititi, na siku ile nilipoingia wateja watano walikuwa wanakula kimya. Nikakaa chini. Akaniletea kuku mwenye mifupa, aliyekaangwa mara mbili, mkavu nje, na chumvi pembeni. Baba, nililia. Yule mama aliniona, akaniongezea paja bila kuuliza chochote.

Huku mwenye mkahawa mteja humwita "imo", yaani mama mdogo. Kwa hiyo nina mama mdogo sasa. Naenda kila Ijumaa. Yeye ananifundisha majina ya vyombo, mimi nimemfundisha kusema "karibu". Nikiingia, soko lote linasikia.

Kituko ni kwamba soko lile linasifika kwa firigisi za kukaanga. Sahani nzima, zimejaa! Na wanaozila ni wasichana wa rika langu, wanachekeana, hakuna baba wala babu mezani. Niliwatazama nikakukumbuka wewe na firigisi yako ya Jumapili. Laiti bibi angekuwa hai ayaone haya.

Nakushukuru, baba. Wiki hii nimesoma vizuri kuliko zote.

Binti yako aliyeshiba,
Everlyne


Mbololo
Desemba 8, 2024

Everlyne,

Hujambo? Sisi hatujambo, na mvua imenyesha.

Barua zangu mbili hujazijibu. Peris anasema picha zimefika kwako na umezifungua. Sitaki maneno mengi. Andika "mzima" tu, nami nitalala.

Baba yako


Daegu
Desemba 15, 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukunyamazia. Mzima ni mzima, lakini si sana.

Nianze na lililoharibika. Ijumaa moja mwezi uliopita nilimwambia imo kwamba mitihani inakaribia. Nilipomaliza kula, akatoka jikoni na sahani ya firigisi, moto kabisa, zawadi. Akaiweka mbele yangu, akavuta kiti, akakaa anitazame nikila.

Baba, mkono ulikataa. Miaka ishirini na sita nimeona firigisi ikienda kwenye sahani yako na si kwingine. Nakumbuka bibi alivyomchapa binamu yangu Kavinya kwa kuilamba tu. Nikaangalia huku na huku, nikaona mzee mmoja mwenye mvi amekaa peke yake kwenye meza ya jirani. Nikainuka, nikaibeba ile sahani kwa mikono miwili, nikampelekea, nikainamisha kichwa. Moyoni nilijiona nimefanya adabu kubwa.

Mzee alishangaa, akaanza kula. Imo uso wake ukasawijika. Akaondoa glasi yangu kabla sijamaliza maji, akarudi jikoni, na hakutoka tena mpaka nilipoondoka. Sikuwa na lugha ya kumweleza. Tangu siku hiyo sijarudi.

Baada ya hapo kila kitu kikaenda mrama. Mtihani mmoja nimeanguka. Baridi inaingia mpaka kwenye meno. Nakula mkate chumbani na siku nzima inaweza kupita sijasema neno na mtu. Nimechukua fomu ya kuacha masomo. Mwisho wa kuirudisha ni tarehe kumi Januari. Baba, nataka kurudi nyumbani. Nataka uniambie nirudi.

Binti yako,
Everlyne


Mbololo
Desemba 18, 2024

Mwanangu Everlyne,

Pole. Pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimevua miwani kwa sababu haikunisaidia tena.

Nyumba hii ni yako. Ukirudi, hakuna atakayekuuliza lolote, nami nitamchinja jogoo. Hilo liko hivyo, usilifikirie tena.

Lakini kabla hujaijaza fomu kuna jambo unapaswa kujua, na linanitia aibu. Peris atalisoma akipiga picha. Potelea mbali, na alisome.

Mimi sipendi firigisi. Sijawahi kuipenda. Ni ngumu, na meno yangu hayakuwa mazuri hata ujanani. Mwaka wa kwanza wa ndoa mama yenu aliniletea, bibi yako akiwa ameketi hapo ananihesabia tonge. Nilitafuna, nikameza kwa maji. Nilipoinua macho nikamwona mke wangu anaitazama ile sahani jinsi mtoto anavyotazama peremende. Jumapili iliyofuata niliifukia chini ya ugali niliobakisha. Yeye alipokuja kutoa vyombo akajua. Akaila jikoni, amesimama, mlango ameurudisha.

Tulifanya hivyo miaka thelathini na mmoja. Hatukuwahi kuliongea hata siku moja. Bibi yako angejua angesema nimekaliwa na mke. Na bibi alipofariki tukaendelea, maana tayari ilikuwa ni siri yetu na tuliipenda. Ndiyo sababu sahani yangu ilikuwa ikirudi jikoni imefunikwa. Ninyi mlidhani ni heshima. Tangu mama yenu atutoke, Peris ananiwekea firigisi kwa adabu zote, nami nampa paka.

Kwa hiyo umemkosea yule mama kwa ajili ya sheria ambayo baba yako mwenyewe hakuifuata. Kosa ni langu, si lako. Tulipaswa kuwaambia. Nisamehe.

Sitakwambia urudi, wala sitakwambia ubaki. Nitakuomba kitu kimoja. Usiondoke katika mji ule huku mtu aliyekulisha akiwa na donge na wewe. Tafuta wa kukutafsiria, uende ukamweleze. Ukishamaliza, fanya utakalo na fomu yako, nami niko nyuma yako.

Baba yako anayekupenda,
Thadeus


Daegu
Januari 12, 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya kwako na kwa wote hapo Mbololo. Mimi ni mzima, na safari hii neno hilo lina uzito wake.

Barua yako niliisoma nimekaa chini sakafuni. Nilicheka, kisha nikamlilia mama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu nifike huku. Sasa naelewa kwa nini alikuwa hataki tumsaidie kutoa vyombo vyako.

Ijumaa ya tarehe tatu nilimwomba Min-ji tunayesoma naye anisindikize. Imo alituona mlangoni, hakusema karibu. Alisikiliza amesimama, mikono akiifuta kwenye aproni muda wote. Kumbe alidhani nimeona kinyaa. Mumewe alipofariki, kuku mzima hakumudu, na firigisi ndizo alizokuwa akizipata. Aliwalea watoto watatu kwa hizo. Akaniletea kitu hicho kwa mkono wake, na mimi nikampa mtu wa kupita.

Nilimwambia Min-ji amweleze yote, bila kuruka kitu. Alipofika kwenye firigisi iliyofukiwa chini ya ugali, imo alicheka mpaka akashika meza. Halafu akauliza swali moja. "Kwa hiyo mama yako siku zote aliila ikiwa imepoa?"

Akanitazama kidogo, akaingia jikoni. Nikasikia mafuta yanalia. Akarudi na sahani, akaniketisha, akasema nile ingali moto.

Nikala. Nimekula yote. Inapigana na meno kwanza, kisha inakubali, na chumvi yake inabaki mdomoni. Mimi nimemrithi mama, baba. Naipenda sana. Yule mzee wa mvi naye alikuwepo. Kumbe huja kila Ijumaa akiulizia yule msichana anayegawa sahani.

Tarehe kumi ilipita nikiwa maabara. Fomu sikuipeleka. Profesa amekubali nirudie mtihani mwezi wa pili, na Min-ji atanisaidia. Nabaki. Asante kwa kutoniambia nirudi, ingawa ndilo nililoliomba. Asante zaidi kwa kunipa siri yenu wewe na mama. Sikujua kama kuna kitu chake kilichobaki ambacho sijapewa.

Binti yako,
Everlyne


Mbololo
Aprili 21, 2025

Mwanangu Everlyne,

Salamu za Pasaka kutoka kwetu sote. Tu wazima, mahindi yameota, na nimefurahi mno kusikia kutoka kwa Derrick kwamba ule mtihani umeupita. Niliwaambia hadi watu wa kanisani, wakanishangaa kwa sababu huwa siongei.

Hii miezi mitatu sikukuandikia barua, na si kwa ubaya. Swali la yule mama yako mdogo lilinikaa. Ndiyo, aliila imepoa. Miaka thelathini na mmoja, nami nikijiona mume mwema, sikuwahi kulifikiria hilo. Nilitaka niwe na jambo la kukuambia kabla sijashika kalamu, na sasa ninalo.

Jana tulikuwa wengi mezani. Baba yako mdogo Nzomo alikuwepo na wanawe, mjomba wako Mutinda, na wageni wawili wa kanisani. Peris alikaanga kuku kwa ile njia ya mama yenu, akaniwekea firigisi mbele yangu. Nikainuka na sahani, nikazunguka meza nzima na hili goti, nikaiweka mbele ya Peris.

Watu waliacha kutafuna. Nzomo akasema, "Kaka, umekosea sahani."

Nikamwambia, "Sijakosea."

Peris akasema kwa sauti ndogo, "Baba, watu watasema."

"Waseme," nikamjibu. "Wewe kula ingali moto."

Barua zetu zote amezisoma, kwa hiyo alijua ninachokifanya, na machozi yalimtoka. Akachukua kisu. Nilidhani anataka kuikata ili aile vizuri. Kumbe aliigawa mara mbili, na nusu moja akaniletea kwa mikono miwili, amepiga goti, wote wakitutazama. Ningefanyaje? Ilibidi niile. Nimetafuna mpaka wageni wakamaliza chai.

Nakushukuru, binti yangu. Umeenda kusoma maji, na umetufanyia jambo hapa ndani ambalo mimi nililiogopa tangu siku ya harusi yangu. Mpe yule mama mkono wangu, umwambie nimemwita shemeji.

Peris anasoma haya akichungulia juu ya bega langu. Anasema nikuandikie kwamba ya Krismasi ataila nzima.

Baba yako,
Thadeus Maundu