Siku Niliyokataa Safari ya Tano

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka Porto, huku Ureno. Goti linaendeleaje tangu ubadilishiwe dawa? Na mvua imefika Kasikeu, ama bado inazunguka tu upande wa milima? Mimi ni mzima, lakini kuna jambo nimekuficha kwa simu. Nimeona heri niliandike polepole.

Unajua kampuni yetu ya ndege inauza tikiti za bei rahisi. Tukitua, abiria wanashuka, wengine wanapanda, tunaruka tena. Ratiba inabadilishwa ukiwa bado unapiga mswaki. Siku za kupumzika zilikuwa zinayeyuka hivyo hivyo.

Jumanne moja alasiri tulikuwa safari ya nne ya siku hiyo, mimi na Kapteni Tomás, mzee mpole anayenifundisha urubani. Mawingu yalitanda chini yetu kama pamba iliyoanikwa. Jua likaingia kwa kioo, likanipasha magoti. Kisha nikakuona, Mwaitu. Ulikuwa uani unapeta mbaazi, makapi yanapepea taratibu, ukaniambia, "Mwende, sogea, unanizibia upepo." Nikasogea. Hata ungo niliusikia ukikwaruza.

Kumbe nimelala. Redio ilikuwa inaita namba yetu, sijui kwa mara ya ngapi. Nikamgeukia Kapteni. Kidevu chake kilikuwa kifuani. Ndege imejaa watu, na huku mbele hakuna aliyekuwa macho.

Nilijibu redio, nikamgusa bega, akaamka. Tukatua salama.

"Hii hatuandiki," Kapteni akasema. "Nimebakisha kidogo tu nistaafu."

Hapo hapo ofisi ikapiga simu: tuongeze safari moja, ya tano. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mimi siruki. Nimechoka."

"Wewe ni mgonjwa?" mkubwa wa zamu akauliza.

"Si mgonjwa. Nimechoka."

"Kuchoka hakuko kwa fomu."

"Basi andika pembeni."

Nilikaa kwa ngazi za ndege, nikaanza kuandika ripoti ya vile tulilala. Kapteni akapita na begi lake, akaenda mbali, akasimama. Akarudi, akaketi kando yangu. "Weka na jina langu," akasema.

Nilisimamishwa kazi kesho yake. Lakini chama cha marubani kilishika ile ripoti, na marubani wote wakagoma siku mbili. Nilisimama nao nje ya uwanja. Kulikuwa kimya, Mwaitu, kimya kabisa, mpaka nikasikia ndege wa manyoya wakiimba pale kwenye nyasi za barabara ya kurukia. Nilikuwa sijui wanaishi hapo.

Kampuni imekubali: safari ya tano imeondolewa, na siku ya kupumzika haiguswi tena. Kapteni wamemstaafisha mapema. Mimi mkataba wangu hawaongezi. Narudi nyumbani mwezi ujao. Siku hizi nalala mpaka jua linaingia kitandani.

Nisalimie kaka yangu Kioko na mkewe, shangazi Nduku wa Mukuyuni, na mjomba Musyoka wa Kwa Vonza. Kanisani walikuwa wananiombea kila Jumapili kwa sababu mimi ni rubani. Wakikuuliza kama ni kweli mtoto wako amefukuzwa, waambie abiria wote wa siku ile walifika kwao.

Ni mimi binti yako,
Mwende