Nusu ya Yai

Homa Bay,
Jumapili, baada ya kanisa

Dada Awuor mpenzi,

Nimekula yai. Nalitanguliza hili hata kabla ya salamu, kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe, na neno lenyewe litabaki kooni. Hakuna niliyemwambia, hata shangazi ninayeishi kwake. Walioniona nikila hawakujua kuwa ilikuwa mara yangu ya kwanza, kwa hiyo nao ni kama hawajui.

Sasa nikuamkie vizuri. Shikamoo, dada. Watoto wako hawajambo? Mama je, goti lake limepata nafuu, au bado anakwenda sokoni kwa kuegemea kuta za watu? Baba bado anagombana na redio wakati wa habari? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo tu ndio hautulii.

Unakumbuka tulivyolelewa hapo Mombasa. Bi Zuhura jirani akituletea mayai siku ya Idi, mama alimshukuru sana, kisha mayai yakaenda kwa baba na kaka, nasi wawili tukapewa mahamri. "Mwanamke wa kwetu hali yai." Hatukuuliza. Bwenini nako, yai langu la Jumapili nilimpa msichana aliyekaa karibu nami mezani, naye akanipa mkate wake. Sikuwahi kuona kuwa nimenyimwa kitu.

Huku kazi yangu ni katika wodi ya watoto wasiopata chakula cha kutosha. Nawapima kwenye mizani, nakoroga uji wa wimbi na njugu, nawalisha wale ambao mama zao wamechoka. Ninayemsaidia ni Miss Doreen, Mmarekani, mtaalamu wa lishe. Nilidhani ni mpishi mkuu, kumbe sivyo. Yeye huamua mgonjwa huyu ale nini na yule aache nini, kama vile daktari anavyoamua dawa, na daktari mwenyewe humsikiliza.

Majibu ya mtihani wangu wa shule yalipofika, Miss Doreen aliona nilivyofanya kemia na biolojia, akaniita. Chuo alichosoma kule kwao kiko tayari kunichukua nisomee lishe, kwa gharama ya chuo chenyewe. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni miaka minne: unapata digrii ya kwanza, unarudi. Ya pili wameunganisha digrii ya kwanza na ya pili zikawa safari moja. Mwaka wa nne unasoma masomo yanayohesabiwa katika digrii zote mbili, wa tano unafanya kazi hospitalini chini ya wataalamu na kuandika utafiti wako, unatoka nazo zote. Ukizisoma moja baada ya nyingine, miaka inazidi. Ila ni lazima uchague tangu mwanzo, maana masomo yanapangwa tangu siku ya kwanza. Na nauli wanayotoa ni ya kwenda na ya kurudi mwishoni. Likizo ya nyumbani hakuna.

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo ilibidi ainame aisikie, kwa nini nisichukue ile fupi. Akasema, "Ukirudi na digrii moja, watakuweka ufundishe wasichana kuoka keki. Ukirudi na mbili, utawafundisha watakaofanya kazi yangu mimi nikiondoka." Akanipa mpaka Ijumaa iliyopita nimjibu.

Miaka mitano, dada! Huyo kitindamimba wako, niliyemwacha hajui kutambaa, atakuwa anakwenda shule na hanijui. Na goti la mama litakuwaje? Baba naye ameshawatangazia wenzake wote bandarini kuwa tangu Uhuru nchi inataka manesi, na binti yake ni mmoja wao. Yuko tayari kunipeleka mwenyewe kwenye chuo cha unesi.

Nilimjaribu shangazi kwa mbali. Nikasema, je, mtu akipata nafasi ya kwenda ng'ambo miaka mitano kusomea chakula? Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. "Miaka mitano kujifunza kupika! Huyo alilelewa na nani? Mimi nilijifunza kwa kupigwa mwiko mmoja wa kichwa." Nikacheka naye, kisha nikatoka nje nisionekane uso.

Tangu hapo sikukaa mahali. Naanza kufua, naacha nguo kwenye karai. Meli ya ziwani ikipiga honi nashuka mpaka gatini kama mtu anayesubiri mgeni, na simsubiri mtu. Niliunguza uji wa wodi nzima. Asubuhi nasema nitakwenda, mchana nasema siwezi, na yote mawili nayasema peke yangu.

Jumatano ilikuwa siku ya soko Migori, tukaenda kuwafundisha akina mama. Pale wamo Wajaluo wenzetu na Wakuria, na lugha inayowakutanisha ni Kiswahili, basi Miss Doreen akanisukuma mbele. Mimi, dada, ambaye nikiambiwa nisome risala kanisani nanong'ona! Nilipofungua mdomo tu, mama mmoja akapiga makofi. "Sikieni huyu! Anaongea kama redio!" Basi, jina likashika. Redio, sema tena. Redio, ongeza sauti.

Nikawaeleza uji, maharagwe, dagaa. Nikafika kwenye mayai. Nikaliinua moja lililochemshwa, nikasema mtoto aliyevimba miguu apewe hili, lipondwe katika uji. Wakatazamana. Mbele kabisa alikaa mama aliyetoka upande wa Rongo, wanamwita Mama Ouma. Ouma mwenyewe alikuwa mapajani mwake, miguu imevimba inang'aa, nywele zimekuwa nyekundu na chache. Hakulia wala kucheka. Hawa ndio wanaonitisha zaidi, wasiolia.

"Mtoto akila yai anachelewa kusema," akasema Mama Ouma. "Kila mtu anajua. Na wewe Redio, wewe mwenyewe unakula?"

Dada, ningeweza kusema "ndiyo" tu. Miss Doreen alikuwa amesimama kando na hakuwa na shaka yoyote kuwa nakula. Lakini ungekuwa uongo. Nikamenya lile yai, nikaling'ata nusu.

Ni kavu! Hukuniambia yai ni kavu hivyo, maana hata wewe hujui. Lilikwama, machozi yakanitoka. Nikafumba mdomo kwa nguvu na akilini nikamwona mama yetu wazi kabisa, amesimama mlangoni mwa jiko letu ananitazama.

"Ngojeni, sasa hivi anaanguka," bibi mmoja Mkuria akasema.

Nikameza.

"Iko tamu?" akauliza mwingine.

"Haina chumvi," nikasema. Wakacheka wote, hata yule bibi.

Mama Ouma hakucheka. Aliunyosha mkono, akaichukua nusu iliyobaki, akainusa. "Kabla sijampa, niambie. Yai linaingia tumboni. Linafikaje miguuni kuondoa uvimbe?"

Najua maneno ya kwenye picha za ukutani, kwamba vyakula hivi vinajenga mwili. Lakini jinsi gani? Mwisho nikasema, "Miss Doreen amesema linasaidia."

"Basi wewe ni redio kweli," akasema, bila ubaya. "Unasema, lakini anayejua yuko kwingine."

Akaliponda yai kwa vidole, akalichanganya na uji, akamlisha mwanawe. Ouma akatema. Akamlisha tena. Safari hii akameza, akaachama kutaka zaidi. Mama yake akanitazama, akasema, "Asiposema, nitakuja Homa Bay kukutafuta wewe, si yule mzungu."

"Njoo," nikajibu.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nageuza kichwani swali la Mama Ouma. Lilinikera kuliko kucheka kwa shangazi. Yeye ndiye mwenye mtoto, amevunja mwiko wake mbele ya soko zima kwa neno langu, na neno lenyewe halikuwa langu. Sitaki kusimama tena mbele ya mama kama yule nikiwa na jibu la kuazima. Na kama jibu liko mbali miaka mitano, basi liko mbali miaka mitano.

Ijumaa nilimwambia Miss Doreen nachukua ile ndefu, ya digrii zote mbili. Nilisema mara moja tu, na safari hii hakuinama kunisikia. Nikamwomba kitu kimoja: kila mwezi akienda Migori aniandikie kama Ouma ameanza kusema. Nimeahidi nitapatikana Homa Bay, na sitapatikana. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Utulivu bado sijaupata. Hata barua hii nimeinuka mara tatu nikiiandika.

Nisalimie kaka, na Bi Zuhura jirani, na shemeji yangu mumeo, na watoto wote, huyo mdogo umbusu mara nyingi apate akiba. Baba nitamwandikia mwenyewe wiki hii kuhusu chuo. Akija kwako na hasira, mpe chai umwache aseme. Hilo si siri tena.

Siri ni yai. Nitapita Mombasa kuaga kabla ya safari, na nataka mama alisikie kinywani mwangu, nikiwa nimekaa chini jikoni mwake, si kwa jirani wala kwa barua. Huenda akanitoa nje. Huenda akauliza swali la Mama Ouma, nami nitamwambia sijui bado, ndiyo maana nakwenda. Mpaka siku hiyo, dada yangu, ufumbe mdomo kama nilivyoufumba mimi pale sokoni, hata kama linakukwama.

Mdogo wako akupendaye,
Anyango