Maneno Ishirini ya Imran

Al Qusais, Alhamisi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na salamu ziifikie nyumba nzima. Magoti yanakwendaje? Usinijibu "sijambo tu" kama kawaida yako. Mwambie dada Mwanaidi aniandikie kweli kama bado unashika ukuta ukienda msalani. Mie mwili mzima. Moyo ndio haukai, na leo nisipokwambia nitapasuka.

Mkweo Imran anataka tuhamie Kanada. Mtihani wa Kiingereza ni keshokutwa Jumamosi. Akifaulu, anapeleka maombi. Kiingereza cha ghalani anakofanya kazi anacho, lakini huko wanataka maneno makubwa makubwa ambayo hata madam wangu wa dukani Al Rigga sijapata kumsikia akiyatamka. Basi kila siku anahifadhi maneno ishirini. Kushoto anaandika Kiingereza, kulia maana yake kwa Kiurdu. Mie ndiye wa kumsikiliza, maana herufi zao nyingi ni zile zile za chuoni kwetu, na maneno mengi tunachangia: dunia, kitabu, habari, subira. Si ndiyo hayo tuliyochumbiana nayo, mama! Mwaka wa kwanza tulikuwa na maneno hamsini tu na tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta. Siku hizi akirudi kazini ananimwagia Kiingereza kirefu, mie namkodolea macho.

Sasa sikia nililofanya, na usinigombeze kabla hujamaliza kusoma. Wiki mbili nzima, kila akikosa namwambia "sahihi." Nilianza na neno moja, kwa uchovu tu, nikaona raha. Hapa nikisikia unaumwa, asubuhi napanda ndege, alasiri nimekaa kitandani kwako. Huko Kanada je? Baba alipofariki nilikuta mshamzika, na hiyo ni kutoka hapa Dubai. Sitaki kukukuta wewe hivyo, mama. Sitaki kabisa.

Jana baada ya alasiri nimeshika daftari, yeye anamenya vitunguu. Nikamsomea "reluctant." Upande wa kulia ameandika neno ambalo ndani yake naliona neno letu "ridhaa", na mbele yake ukanusho: mtu asiyeridhia.

Imran akajibu, "Mtu mwenye furaha."

"Sahihi," nikasema.

Akaweka kisu chini. "Zuhura, hilo nalijua tangu mwezi uliopita. Nimekosea makusudi."

Loo! Uso ukaniwaka moto. Nikamwuliza kwa nini asiniulize tu kama mtu mzima.

"Nimekuuliza mara tatu, mara tatu umenambia sawa, inshallah. Haya, sasa sema kwa mdomo wako."

Nikasema sitaki. Nikayamwaga yote, ya baba, ya magoti yako, kwa Kiswahili kitupu, sijui alielewa mangapi. Halafu akasema mtihani ataufanya, kuhama tutaamua wawili, lakini nisimdanganye tena, khalas, basi. Akanirudishia daftari, akanambia nianze upya.

Alikosa kumi na moja. Nikamwambia kumi na moja. Wallahi, mama, moyo wangu ulifurahi. Kisha nikamwona ameinama anayaandika yale aliyokosa, kila neno mara kumi, kama mtoto wa chuo, mikono bado inanuka vitunguu. Niliona haya, nikaenda kulia bafuni.

Tangu asubuhi napanga nguo, nazipangua. Nimeosha hata vyombo vilivyokuwa safi tayari.

Nisalimie dada Mwanaidi anayekukanda miguu, Mungu amlipe. Nisalimie mjomba Sleiman wa duka la nazi, na shangazi aliyenishonea nguo ya harusi. Mwambie bado yanienea, nikibana pumzi.

Jumamosi saa tatu asubuhi Imran anaingia chumba cha mtihani. Tuombee dua. Usiniulize ya kufaulu au ya kufeli, mwenyewe sijui. Wewe inua mikono tu.

Mwanao asiyetulia,
Zuhura