Kipimo cha Shaba Kilicho Kwenye Funguo Zako

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Zahanati.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Nakusalimu, na wifi yangu namsalimu, na wanangu wawili nawasalimu, Bwana Mkubwa na Kidosho. Hamjambo huko? Kifua chako kimetulia, au baridi bado inakusumbua? Ulikohoa siku zote nne ulizokaa hapa mwezi wa pili, nami sikukuuliza hata mara moja. Nakuuliza leo.

Sisi hapa ni wazima. Baba anakula, anaoga mwenyewe, anabishana na redio. Goti lake la kushoto limevimba tena, lakini fimbo ameikataa. Anasema fimbo ni ya wazee. Mimi sina ugonjwa wowote. Nalala, naamka, nalala.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Ni amri ya Baba. Jana nilikuwa nimeshashika simu akaniambia, "Weka hiyo chini. Kwenye simu wewe huwa unashinda. Mwandikie, akusikie bila kukatizwa, na wewe usikie unachosema." Nikaiweka.

Kwanza niseme la makaburini, maana najua utaruka mistari mpaka ulifikie. Nilipewa dakika tano za kumwelezea Mama siku tulipomzika, nikatumia tatu kukueleza wewe: mtoto wa kupiga simu, mtoto wa kutuma salamu, na mengine ambayo sitayarudia. Watu walitazama viatu vyao. Kesho yake ukaondoka kabla ya chai. Nimeandika mengi maishani, na yote nimeyatetea hadharani, hata yale niliyojua yana walakini. Lile silitetei. Ningependa kukuambia kwamba nimelilia. Sijalilia. Tangu mwezi wa pili sijalia kwa lolote. Nakuambia tu kwamba nilikosea, kama mtu anavyosema kwamba sasa ni saa nne.

Kazini hali ndiyo hiyo hiyo. Mhariri amenipigia mara tatu. Yule profesa niliyekuwa nikipambana naye amenichapa ukurasa mzima, kaniita bingwa wa makelele asiyesoma. Zamani ningemjibu kabla chai haijapoa, tena kwa vitabu alivyovitaja bila kuvifungua. Safari hii nimeusoma ukurasa wake mpaka mwisho, nikaona sentensi zake zimenyooka, kisha nikaufungia magurudumu. Mama alikuwa akiniita Kiberiti. Basi kiberiti kimelowa, Kaka. Unakwaruza, hakiwaki.

Magurudumu niliyoyataja ni ya treni ya Mama, na ndiyo sababu ya barua hii.

Wewe uliiacha ikiwa na mabehewa matatu na kipande cha reli kisichofika popote. Siku ya msiba bustani ilijaa viti, hukuiona. Reli sasa ina mita arobaini na moja. Inaanzia chini ya dirisha la jikoni, inapita katikati ya matuta ya mchicha, inapinda nyuma ya tangi la maji ambako kuna njia panda ya kuingilia kibanda cha kulaza mabehewa, inapita chini ya kamba ya nguo, inarudi. Mabehewa ni kumi na moja. Injini ni ndefu kama mkate mzima, na mota yake ilitoka kwenye mashine ya kuchonga meno iliyotupwa na kliniki ya meno alikofanyia kazi.

Kila kitu alikitengeneza kwa ufundi ule ule wa meno ya bandia uliotusomesha. Bomba la moshi alilichonga kwa nta, akalizika kwenye plasta, akamimina shaba, kama alivyokuwa akitengeneza kofia za magego. Paa za mabehewa ni za ile plastiki ya waridi ya ufizi wa bandia. Ukichungulia dirisha la behewa la tatu utaona jino moja la mbele limeketi peke yake kitini. Nilipomuuliza ni nani, alinijibu bila kuinua macho, "Mkaguzi wa tiketi. Hana rafiki."

Na Baba alikuwa bwana stesheni. Treni hakuigusa hata siku moja. Mikono yake, alisema, ni ya kalamu. Lakini kila saa kumi jioni alikaa kwenye kigoda chake kando ya tangi, filimbi shingoni na daftari gotini, na Mama kwenye kigoda cha pili. Anapiga filimbi, Mama anawasha, treni inazunguka kwa dakika mbili na nusu, naye anaandika: safu moja ya kuondoka, safu moja ya kufika. Miaka thelathini na moja ya ukarani mahakamani haikutoka mwilini mwake kwa kustaafu.

Baada ya mazishi aliendelea kukaa pale saa kumi. Nikaiwasha treni mimi. Akapiga filimbi, akaandika. Ndivyo tulivyoishi mpaka mwezi wa tano. Hatukuwa tunaongea sana, lakini kila siku ilikuwa na kitu kinachoondoka na kufika, na naona ndicho kilichokuwa kikimwamsha kitandani.

Kisha nikaona mabehewa yameshika vumbi na ekseli zinalia. Nikaamua kuyahudumia yote kwa utaratibu. Wewe unajua nikishaamua utaratibu. Nilinunua kitabu cha treni za bustani na kipimo cha chuma cha kupimia nafasi kati ya gurudumu na gurudumu kwenye ekseli moja. Nikapima ekseli ya kwanza: imebana kwa milimita moja na nusu. Ya pili vile vile. Ekseli zote ishirini na mbili, na za injini pia. Mama, aliyekuwa akimrudishia fundi mwenzake jino kwa kosa la unene wa karatasi, alikuwa amekosea treni nzima.

Nikazipeleka kwa fundi baiskeli wa pale kona, yule tunayemwita Spoki, kwa sababu ana jiliwa zuri la kubania vyuma na mkono mtulivu. Akashika ekseli moja, akaizungusha, akaniangalia.

"Dada, hii ilikuwa inatembea?"

"Inatembea. Lakini imekosewa."

"Ilikuwa inaanguka?"

"Hapana."

"Sasa umeitwa na nani?"

Nikamwonyesha kitabu, ukurasa wenye jedwali. Akapangusa mikono kwanza ndipo akakipokea, akakitazama kwa heshima, akakirudisha. "Mimi nakubonyezea," alisema, "lakini andika kwamba Spoki aliuliza." Nimeandika. Tulifanya kazi siku sita, yeye kwenye jiliwa, mimi na kipimo. Sikufurahi, lakini mikono ilikuwa na shughuli.

Jumatatu ya tarehe 18 Mei, saa kumi kamili, Baba alipiga filimbi. Treni ilianza vizuri mpaka kwenye matuta, ikaanza kupanda juu ya reli na kushuka, kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Ilipofika njia panda nyuma ya tangi iliruka. Injini ikalala ubavu, na mabehewa yakaifuata moja baada ya jingine. Kumi na moja yote, paa za waridi ndani ya mchicha. Tukairudisha, ikaruka tena. Mara ya tatu Baba hakupiga filimbi.

"Magurudumu umeyafanya nini?" aliniuliza.

Nikamweleza yote, na jedwali, na ukurasa. Alisikiliza kama karani anavyosikiliza shahidi, bila kusaidia. Nilipomaliza alisema, "Mama yako alijua."

Kumbe rula aliyoanzia kazi, ile ya mbao ya kliniki, ilikuwa imelika mwanzo wake. Alikata kipimo chake cha shaba kwa rula hiyo, akajenga behewa la kwanza na mita kumi na mbili za reli kabla ya kugundua. Baba alimwambia abomoe. Akamjibu, "Reli yangu, bustani yangu, treni yangu. Nani atakuja na yake hapa?" Kuanzia hapo kila taruma la kulalia reli, kila njia panda, kila ekseli aliipimia kipimo kile kile kibovu, na kwa miaka ishirini na mbili hakuna kilichoanguka.

Miaka yote hii nimekula kwa kuonyesha watu makosa yao. Hapo nikakifunga kile kitabu.

Nimejaribu kurudisha. Nimepima reli yenyewe, nimekisia, Spoki amebonyeza ekseli mara tatu upya. Kwenye mnyooko inapita, lakini pale njia panda nafasi ni nyembamba mno. Unywele ukizidi, inaruka. Mama hakuacha namba popote. Kabatini kwake nimekuta nta, brashi, tupa za kila aina, na miwani minne. Kipimo hakipo.

Wiki iliyopita mama mdogo alikuja kumwangalia Baba, akatuonyesha kwenye simu picha aliyotumiwa na wifi: Kidosho kang'oka jino la mbele, anacheka, kashika funguo zako juu. Kwenye hizo funguo kuna kipande cha shaba, urefu wa kidole gumba, kina mapengo mawili upande mmoja na tundu dogo mwishoni. Baba aliomba miwani. Akaisogeza simu karibu, akasema, "Haya. Kiko salama."

Ulikichukua kwenye meza ya Mama asubuhi ile ulipoondoka, sivyo? Sikulaumu, tafadhali usisome lawama mahali ambapo haipo. Meza ilikuwa na vitu mia moja, ukachagua kidogo kuliko vyote, kitu ambacho hakuna atakayekitafuta. Ningekuwa mimi ndiye naondoka, ningefanya hivyo hivyo. Wewe hukujua ni nini. Mimi niliyebaki hapa na vitabu vyangu nilipaswa kujua, na sikujua.

Nilifikiri nikuombe unipimie tu na kunitumia namba. Spoki alikataa. "Atapimia nini? Rula nyingine?" aliniuliza. "Namba ndiyo iliyowafikisha hapo. Lete shaba yenyewe." Kwa hiyo nakuomba shaba yenyewe, Kaka. Nakuomba, na unajua neno hilo halijawahi kutoka kwangu kuja kwako bila kisu nyuma yake. Leo hakuna kisu. Tukishabonyeza ekseli zote kipimo kitarudi kwenye funguo zako, hata kama ni mimi nitakayekileta.

Niliahirisha barua hii siku nyingi. Nitakueleza kilichonikalisha kitako.

Baba bado anakaa kwenye kigoda chake saa kumi, mbele ya reli tupu. Anakaa dakika mbili na nusu, anaandika, anaingia ndani. Nilidhani anaandika kwamba imeharibika, au kwamba imeharibiwa na mwanawe, maana angekuwa na haki. Jana aliposinzia nililichukua daftari. Kwa siku ishirini na sita, kwenye safu ya kuondoka kuna mstari mtupu, na kwenye safu ya kufika kuna neno moja, mwandiko ule ule wa mahakamani: Inasubiriwa. Inasubiriwa. Inasubiriwa.

Nikafungua nyuma, kurasa za mwezi wa pili, nione siku za msiba aliandika nini. Siku tatu hakuna kitu. Halafu katikati ya ukurasa, peke yake, kuna ingizo ambalo si la treni. Safu ya kuondoka: "Mwanangu, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Hakunywa chai." Safu ya kufika: "Anasubiriwa."

Nililirudisha daftari gotini kwake kama nilivyolikuta. Nikaifunga kalamu yake isikauke. Ndipo nikashika simu, naye akaamka, akanipa ile amri. Sikumwambia nimeona nini.

Kipimo unaweza kukituma kwa posta. Kikifungwa kwenye kitambaa hakiharibiki. Siku hizi vifurushi vinafika. Nakueleza tu yaliyoandikwa, kwa sababu yameandikwa. Kigoda cha Mama kipo mahali pake, mimi hukaa chini, ukingoni mwa tuta.

Baba anakusalimu, anauliza kifua. Mama mdogo anakusalimu, anasema umwambie Kidosho jino la pembeni asilisukume kwa ulimi. Baba mdogo amepona macho, anakusalimu. Spoki, usiyemjua, anakusalimu pia. Anasema kipimo usikisugue, usikipige msasa, kiache na uchafu wake. Wifi mshukuru kwa ile picha. Hakujua ametufanyia nini.

Mungu akupe kifua chepesi na usingizi mzito, awalinde wanangu, na popote utakapotoka akufikishe.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye tangu siku uliponibeba mgongoni kuvuka mtaro, na makaburini pia nilikupenda,

Kiberiti.